Mtani Aliyenitukana Bomani

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilisimama mbele ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, pale bomani Bagamoyo. Kanzu nimeazima, kofia nimeazima. Nilikuwa naomba jambo moja tu: niachwe nikae.

Umenijia leo unasema unakwenda nchi za watu, unataka kukaa huko na mwisho uitwe raia. Wamekwambia habari za karatasi na mihuri. Vizuri, sikatai. Lakini mimi nilikuwa mgeni kabla wewe hujazaliwa, basi kaa kitako nikwambie.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno, Mngoni mtupu. Nilikuja kijana kukata mkonge kwa mkataba. Mkataba ukaisha, miguu ikakataa kurudi. Nikalima mihogo, nikajifunza kusema kama wenyeji, nikamwoa Mwanaidi binti Shomari. Ee bwana, uzuri gani ule! Lakini nisipotee njia.

Mwanaidi akiwa na mimba ya kwanza, ikaja amri. Watu wa ng'ambo waliomaliza mikataba warudi makwao, isipokuwa yule atakayeonyesha kwamba amekuwa mkazi wa kweli, na wenyeji wanamhesabu kuwa wao. Baba mkwe wangu, Mzee Shomari, alikuwa mtu mpole, lakini neno lake halirudi. Akaniita akaniambia, "Ukirudishwa, baba, nenda kwa amani. Lakini binti yangu hatoki hapa, wala hicho kilichomo tumboni." Wallahi, chakula kilinishinda.

Nikaanza kutafuta mashahidi. Nikaenda kwa watu wazito tu: imamu wetu, jumbe wa mtaa, na Mhindi mwenye duka la nguo. Wote wakakubali. Mtu mmoja nilimkwepa makusudi, naye ni Kondo.

Kondo alikuwa Mzaramo, mtani wangu. Nyinyi vijana mkisikia utani mnadhani ni mzaha wa kijiweni. La! Mababu zetu walipigana, wakachoka, wakaona heri wajukuu watukanane kuliko kuuana. Tangu hapo mtani ana haki ya kukutukana popote, na ukifiwa ndiye wa kwanza kushika jembe. Sasa Kondo mdomo wake haukuwa na mlango. Nikamwendea nikamwambia, "Ndugu yangu, kesho nakuomba usije bomani."

"Nani ana haja ya kuja kwenye shauri la mtumwa?" akajibu, akaendelea kumenya muhogo wake.

Kesho yake mashahidi wakasema, mmoja baada ya mwingine. Mtu mwema. Mpole. Hana neno na mtu. Bwana Shauri alijua Kiswahili, cha kitabuni lakini safi. Akaweka kalamu chini.

"Maneno haya nayasikia kila siku," akasema. "Hata mpita njia husifiwa hivi. Nitajuaje kwamba huyu ni mtu wenu, si mgeni mnayemfanyia adabu?"

Imamu akakohoa. Jumbe akatazama vidole vya miguu yake. Mimi nikamwona mwanangu anazaliwa nisiwepo, na machozi yakanilenga mbele za watu.

Ndipo mtu akapiga kelele mlangoni. "Bwana! Asikudanganye huyo mla panya!"

Yallah! Kondo huyo, kifua wazi, anasukuma watu. "Babu yake alikimbia vita akatupa ngao! Babu yangu akamwokota porini, akamfuga kama mbuzi! Na huyu naye ni mbaya kuliko babu yake. Nilipofiwa na mama yangu, sisi tunalia, yeye akashuka kaburini akalala! Hatoki mpaka apewe jogoo! Marehemu yuko kwenye jeneza anamngoja yeye! Nikampa. Akatoka, akashika jembe, akafukia kaburi peke yake mpaka mwisho, kila anayetaka kumpokea anamfukuza. Kisha akamla jogoo wangu, na mifupa akatafuna!"

Bwana Shauri akawa mwekundu. "Tarishi! Mtoe mtu huyu, amekuja na chuki."

Mzee Shomari, aliyenisindikiza pale, akasimama polepole. "Bwana, tafadhali usimtoe. Huyo ni mtani wake."

Bwana Shauri hakuelewa. Akamgeukia Kondo. "Kama ni mbaya hivyo, basi nimrudishe kwao?"

Kondo akaacha kelele zote. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Umrudishe wapi, Bwana? Kwao ndiko huku. Mimi namtukana kwa haki yangu. Mwingine akimtukana, tutagombana."

"Na mimi je, unaweza kunitukana hivyo?"

"Hasha!" Kondo akaweka mkono kifuani. "Wewe ni mgeni wetu, Bwana. Mgeni hatukanwi."

Halafu imamu akaanza kucheka, imamu yule yule asiyecheka hata siku ya Idi. Mhindi akashika tumbo. Bwana Shauri akajizuia, akajizuia, mwisho akavua miwani akafuta macho. Akatazama karatasi yangu, akachukua muhuri, akaugonga kwa nguvu mpaka wino ukaruka.

"Huyu abaki," akasema. "Kwao ndiko huku."

Tulitoka pale kama watu waliokwenda kumchukua bibi harusi! Vigelegele, vifijo, Mwanaidi na tumbo lake yuko mbele anacheza, mama mkwe anamkemea huku naye anacheza. Kondo anatangaza mtaa mzima kwamba mtumwa wake kapata cheti. Nililia, sioni haya kusema, nililia kwa furaha.

Njiani Mzee Shomari akanishika mkono. "Nasikia ulimkataza Kondo asije."

"Ndiyo, baba. Niliogopa aibu."

"Uliwaita wanaokuheshimu, ukamfungia mlango anayekujua. Usirudie." Hakusema zaidi.

Basi, mwanangu, huko uendako fuata sheria yao, hata ile usiyoipenda. Kibali kikikaribia kwisha usingoje kesho. Nimeona watu wema wakirudishwa kwa uzembe tu. Jifunze lugha yao mpaka uweze kuchekea mizaha yao. Lakini usikae miaka yote kama mgeni wa heshima, salamu barazani kisha unafunga mlango. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na asiyepewa alitafute mwenyewe. Wakifiwa, nenda, usingoje kuitwa. Siku watakapoanza kukutania usinune, shukuru Mungu, maana muhuri wa serikali hufuata nyuma ya utani huo.

Nenda, mwanangu, na radhi zangu zote. Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya wakubwa na mioyo ya majirani. Akupe huko mtu wa kukutukana usoni, na siku wakitaka kukufukuza, awe yeye wa kwanza kusimama. Amin.