Taja Watu wa Nyumbani

Desemba iliyopita tulipokuja kwetu Manga, binti yangu alitoa manati yangu ya zamani kwenye msumari wa jikoni, akataka nimfunze kulenga. Mpira ulikuwa umekauka, nikafunga mwingine wa tyubu ya baiskeli. Nikatundika kifuniko cha mkebe kwenye mgomba, mahali palepale pa zamani. Hapo nikasita kumpa manati, na acha nikwambie kwa nini.

Mimi nilifunzwa na nyanya. Usicheke. Ndege walipovamia shamba lake la wimbi, hakuna aliyemshinda kwa manati kijijini, na kwake mjukuu anayekunywa uji bila kulinda shamba alikuwa mgeni tu. Siku tatu hakunipa hata jiwe moja. Nilivuta mpira mtupu mpaka kidole gumba kikachubuka, huku harufu ya ndizi zinazochemka ikinitesa kutoka jikoni.

Sheria yake ilikuwa moja. Kabla ya kuvuta, taja watu wote wa nyumbani na mahali walipo. "Nyanya yuko nyuma yangu. Babu ameenda Kebirigo sokoni. Mama anachuma chai. Dada yuko mtoni." Ukiwa huna hakika na mmoja, unashusha manati na kwenda kumtafuta. Alisema jiwe halina macho, macho ni yako.

Nilizoea kutaja majina yale kama sala ya chakula, na ubaya ukaanzia hapo. Ijumaa moja jioni nilitaka kupiga mara moja tu kabla jua halijatua na Sabato kuingia, maana baada ya hapo manati ilirudi msumarini hata ndege wafanye karamu. Nikataja haraka haraka. "Dada yuko mtoni." Sikuwa nimetazama. Nikaachia. Jiwe likapita kando ya mgomba, na huko nyuma nikasikia mtungi ukianguka.

Dada alikuwa ameketi chini ameshika jicho, damu ikipita katikati ya vidole. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nyanya alipiga magoti mbele yake.

"Toa mkono, mama, nione."

Dada akakataa. Aliogopa kwamba akiutoa hataona kitu. Nilisimama pale na manati mkononi, nikimwomba Mungu achukue jicho langu. Jua likatua tukiwa vile, na hakuna aliyeanzisha wimbo wa kukaribisha Sabato.

Mwishowe akautoa. Nyanya akainua vidole. "Vingapi?"

"Viwili," dada akasema.

Ilikuwa imepasuka nyusi tu. Nyanya hakunichapa. Aliniambia, "Kesho kutwa unaanza upya. Mpira mtupu."

Siku hizi hakuna wimbi, ni chai mpaka mlangoni. Nyanya na babu wamelala kule chini ya shamba, mama akawafuata, na dada anaishi mbali, akiwa na kovu lake. Nawakumbuka mpaka nachoka.

"Taja watu," nikamwambia binti yangu.

"Mama yuko nyuma yangu," akasema akinitazama.

Nikangoja. "Na wengine?"

"Ni sisi wawili tu, Mama."

Nilimwambia ashushe manati kwanza. Nikaenda mpaka nyuma ya mgomba, nikachungulia kila upande. Hakukuwa na mtu.