Mguu wa Mwakani

Mtaa mzima ulimwita Fundi Miguu, naye hakuwa na kinyongo na jina hilo. Tangu ujana wake alitengeneza miguu ya bandia katika karakana ya shirika moja lisilo la kiserikali, chumba kirefu kilichonuka plasta na plastiki ya moto. Mgonjwa halipi kitu. Anakuja kwa magongo, anaondoka akitembea, na fundi anasimama mlangoni kumtazama mpaka akate kona. Hospitali ya serikali haikuwa na huduma hiyo, kwa hiyo wote walielekezwa kwake.

Kipenzi chake alikuwa binti mdogo aliyegongwa na lori akakatwa mguu chini ya goti. Kwa jinsi alivyokuwa akirukaruka, wakamwita Kiroboto. Mtoto anakua, plastiki haikui. Kila mwaka bibi yake, mshonaji wa nguo, alimleta apimwe upya.

Mwaka huo mkurugenzi, mama mpole aliyezeekea kwenye kuombea watu misaada, aliwaita wafanyakazi wakati wa chai.

"Wafadhili wametupa mgongo," alisema. "Sasa wanataka miradi ya miti. Nimewaandikia, nimewapigia simu, nimewalilia. Mwisho wa mwezi tunafunga virago."

"Miti?" fundi akauliza. "Na watoto je?"

"Wamesema tumefanya kazi nzuri sana."

Loo! Sifa ile ilimchoma kuliko tusi.

Plastiki iliyobaki ilitosha mguu mmoja, na zamu ilikuwa ya Kiroboto. Sasa sikieni alichofanya mtu mzima yule na ufundi wake wote! Mzazi akinunua viatu vya shule huchukua vikubwa, mtoto avivae na mwakani. Naye akatengeneza mguu mrefu kuliko vipimo, kisha akabandika soli nene kwenye kiatu cha mguu mzima ili miguu ilingane. Mtoto akirefuka, soli ipunguzwe. Alijiona mjanja kweli kweli.

"Fundi, mbona kiatu kizito hivi?" bibi aliuliza.

"Atazoea, mama. Nimemwekea akiba."

Hakuzoea. Nyumbani watoto hucheza peku, na Kiroboto akivua kile kiatu tu, mwili unalala upande. Shuleni nako soli ilijikwaa kwenye ngazi, hamadi! Akabingirika mpaka chini, kidevu kikachanika. Tangu siku hiyo mguu ukatupwa uvunguni, akarudia magongo, na shule akaikataa katakata.

Bibi alimfuata fundi nyumbani kwake, maana karakana ilishafungwa na mashine zimeuzwa. Alikuwa na mguu kwapani na mjukuu nyuma yake.

"Ukate," alisema.

"Nikiukata haurudi, mama. Mwakani utakuwa mfupi, na mwingine sina pa kuutoa."

"Mwakani ni mwakani, baba. Mtoto anatakiwa shule kesho."

Fundi aliona aibu hata kumtazama yule mtoto usoni. Alichukua msumeno wa mkono, akakaa kizingitini, akafungua unyayo, akakata ile akiba yake yote huku machozi yakimtoka bila kificho. Kipande kikaanguka vumbini. Akarudisha unyayo, akabandua soli, akamvika.

Kiroboto alisimama. Akapiga hatua, akapiga nyingine, kisha akaruka.

"Babu! Mguu uko sawa kabisa!" Akazunguka ua mzima akicheka, halafu akasimama ghafla. "Mwakani nikirefuka nije hapa, au kule karakana?"

Bibi akainamisha kichwa.

"Njoo hapa hapa," fundi akasema.

Wakaondoka, mtoto mbele akirukaruka. Fundi alisimama mlangoni kama zamani, akamtazama mpaka akakata kona, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa akiomba mtoto wa watu asikue.