Chomoa, Chomeka

Namshukuru Mungu aliyeniachia macho yanayosoma na vidole visivyotetemeka katika uzee huu. Yeye asifiwe kwanza, kabla sijasema neno la uchungu.

Baada ya kustaafu kufundisha elektroniki, nilijitolea katika zahanati ya parokia yetu, huku Ilemela karibu na ziwa. Kulikuwa na kipimo cha ultrasaundi cha wajawazito, kimeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Umeme ukicheza, kipimo kilijizima na kuwaka upya, na picha ya mtoto ikapotea kwenye kioo, pengine isirudi siku nzima. Mama aliyevuka maji tangu alfajiri anaambiwa aende hospitali ya mjini. Wengine hawakwenda. Walirudi nyumbani bila kujua mtoto amelalaje.

Muuguzi mkuu alikuwa na tiba yake.

"Shikamoo, mzee. Hii haihitaji shule. Chomoa, chomeka."

"Marahaba. Na tundu likilegea?"

"Tutahamia la pili."

Nilipochunguza, niliona kosa haliko kwenye kipimo. Lilikuwa kwenye kiendeshi, ile programu ndogo inayosimamia matundu ya USB. Kifaa kikianza upya, kiendeshi kinatakiwa kifute maagizo ya zamani, kisubiri kifaa kitulie, kisha kikitambue tena kama mgeni. Chetu kiliendelea kudai majibu ya maswali ambayo kipimo kilikuwa kimekwisha kuyasahau. Mfumo wa kompyuta ile ni wa wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Nikasali, nikasoma, nikarekebisha. Siku umeme ulipocheza tena, picha iliondoka, tukangoja kidogo, ikarudi yenyewe.

"Ikipotea, msiguse waya," niliwaambia wauguzi. "Ngojeni."

Waliitikia vizuri. Lakini mkono uliozoea hauulizi. Muuguzi wa zamu aliona kioo cheusi, akachomoa waya wakati kipimo kiko katikati ya kuanza upya. Kiendeshi kikabaki kinangoja kifaa kisichokuwepo, na kompyuta nzima ikaganda. Kitandani alikuwapo mama ambaye mtoto wake alikaa vibaya. Walimkimbiza mjini kwa bajaji. Alijifungua salama, Mungu ni mwema.

Kamati ya zahanati iliniita.

"Mzee, tunakuheshimu," alisema mwenyekiti. "Lakini zamani tulikuwa tunachomoa na inakubali. Umetia mkono wako, imegoma."

"Nipeni kompyuta nimalizie. Kiendeshi lazima kikubali pia kifaa kinachochomolewa katikati. Najua pa kurekebisha."

"Umeshastaafu, mzee wetu. Pumzika."

Mjumbe mmoja akadakia, "Mitambo aiombee tu, asiifungue." Wakacheka. Ni watu ninaoshiriki nao meza ya Bwana.

Kiendeshi cha zamani kikarudishwa. Mimi nilimalizia kazi nyumbani, Buzuruga, kwa kompyuta yangu, nikichomoa makusudi waya wa kifaa changu cha majaribio katika kila hatua mpaka mashine ikaacha kuganda. Niliwatumia marekebisho yangu watunzaji wa mfumo ule, walio ng'ambo. Watu wasioijua sura yangu walisoma, wakauliza maswali magumu, wakapokea. Leo marekebisho yale yanafanya kazi katika nchi nisizozijua.

Niliyapeleka zahanati. Mwenyekiti alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Mwache Mungu atende, baba. Tumeahidiwa kipimo kipya."

Kipya hakijaja. Matundu ya kompyuta yamelegea yote kwa kuchomolewa, nami ningeweza kuyabadilisha, lakini kipimo kimefunikwa shuka. Siku za kliniki wajawazito wanapimwa tumbo kwa utepe, pakiwa na shaka wanaelekezwa stendi wapande gari la Nyamagana, kwenye hospitali ya mjini. Nawaona wakipanda kilima polepole, mkono kiunoni, nami marekebisho ninayo mfukoni.

Namshukuru Mungu kwa kunipa akili ya kuyapata. Kusamehe bado naomba, sijapata.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde wewe na wa nyumbani mwako, na akujalie watu watakaokuacha umalize kazi uliyoianza.