Mama Puliza na kifua cha mama mkwe

"Jaza kifua. Sasa puliza kama jiko limegoma kuwaka!"

Ni saa mbili asubuhi. Fundi cherehani amekaa kibarazani, mashavu yamemvimba, anapuliza bomba la plastiki mpaka macho yanamtoka. Mama aliyechuchumaa mbele yake anausoma mshale wa kifaa, anatikisa kichwa. Fundi anaambiwa arudie.

Mtaa mzima unamwita Mama Puliza. Zamani alikuwa muuguzi. Sasa yumo kwenye utafiti unaochunguza jinsi majivu ya volkano yanavyoathiri afya za watu. Mlima ulilipuka mwaka jana, lakini majivu hayajaisha: yako juu ya mabati, kwenye matandiko, hadi ndani ya sukari. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba kupima nguvu ya pumzi, na anayehitaji dawa kumpeleka kliniki.

Miezi ya kwanza matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Mtaa uliofunikwa na majivu ulionekana una mapafu ya wanariadha. Wakubwa wake walifurahi. Yeye roho haikutulia. Kumbe watu walidhani ni mashindano! Kila nyumba ilikuwa inamtoa bingwa wake, na wanaokohoa wanafichwa chumba cha nyuma wasije wakaiaibisha familia.

"Nyumba moja waliazima kijana wa jirani," anasema, akicheka mpaka anafuta machozi. Ilibidi aanze upya, safari hii akiomba kumwona kwanza yule anayekohoa.

Lakini kinyozi hajinyoi. Aliyekohoa kuliko wote alikuwa nyumbani kwake: mama mkwe wake. Kila asubuhi bibi huyo alifagia ua, majivu makavu yakimtimkia usoni, kikohozi kikamshika hadi akaegemea ukuta. Akiombwa apulize, anasema ni uzee tu. Sasa mama mkwe utamlazimishaje? Usiku Mama Puliza akawa halali, anasikiliza kifua kile ng'ambo ya ukuta.

"Nilimwogopa kuliko mlima," anakiri.

Mwezi uliopita alijipa moyo. Kifaa alikiacha ndani. Alichukua ndoo ya maji, akanyunyizia ua wote, kisha akamkabidhi mama mkwe ufagio kwa mikono miwili. Bibi alimtazama kwanza.

"Kwa hiyo hamninyang'anyi ufagio?"

"Nani kasema, Mama? Ua huu ni wako."

Hilo ndilo lililokuwa likimzuia. Aliamini akipimwa tu ataonekana mgonjwa, na mgonjwa hukalishwa kitini akasubiri kuletewa chai. Siku ileile alipuliza. Mshale haukufika hata nusu. Sasa ana dawa ya kuvuta, ana barakoa, na hafagii kabla ya kumwaga maji.

Tunapofika kwao mchana, bibi anaamuru mgeni naye apimwe. Mwandishi wa makala haya alipuliza, matokeo tuyaache.

Mama Puliza anataka sasa kila ua wa mtaa umwagiwe maji kabla ya kufagiwa, na wakubwa wake wamekubali aanzishe mafunzo. Mwalimu ameshajiteua.

"Kufagia nitafundisha mimi," anasema bibi. "Huyu mkwe wangu anajua kupulizisha watu tu."

Mama Puliza habishi. Anainama kufunga mkoba wake, anatabasamu.

"Siku hizi nalala," anasema, "asubuhi naamshwa na ufagio."