Majina ya Penseli Kwenye Ramani ya Kyandolo

Mbaluka ni mtu msafi kupita kiasi. Tunagawana chumba cha kazi karibu na River Road, Nairobi: yeye anachapisha upya ramani za zamani, mimi, Mwongeli, nazitia fremu. Meza yangu ni gundi na vumbi la mbao. Kwenye yake huoni hata unywele. Miaka kumi na mmoja nimemvumilia akinipangusia hata nyundo.

Ramani iliyompa jina ni ya soko la Kyandolo, kule Ukambani alikozaliwa. Aliipata kwa wauza karatasi kuukuu: ya mwaka 1958, barabara mbili na ploti thelathini na nne. Kila ploti ilikuwa na maandishi hafifu ya penseli. Mbaluka hakuyasoma. Kwake yalikuwa uchafu, sawa na madoa ya chai. Alichukua raba akafuta siku mbili nzima, polepole asije akaichana karatasi, ndipo akaipiga skani. Watu wa Kyandolo walioko Nairobi wakazigombania nakala zake. Nyingine zimetundikwa kwenye ofisi za Hurlingham. Alijisifu mpaka nikachoka.

Mwezi wa Mei akaja Mama Syokau kutoka Riruta, mjane wa miaka themanini hivi. Alikuwa amesikia habari za ramani kanisani. Tajiri mmoja alikuwa amezungushia mabati ploti ya marehemu mumewe, Musili, na kesi ilikuwa Jumatatu. Ofisi ya soko iliungua zamani pamoja na hati zote.

"Karani aliandika jina ya Musili kwa ramani, mimi nikiona," alisema. "Na penseli. Siku hizo ilikuwa penseli, ndio mwenye ploti akibadilika wafute. Nionyeshe ile yenyewe, si hizi za kuuza."

Nilimwona Mbaluka uso ukimshuka. Aliitoa karatasi, akaiinua dirishani, akaimulika kwa tochi ya simu, akaipapasa kwa ukucha kutafuta alama. Karani yule aliandika kwa mkono mwepesi, Mungu amsamehe. Hakukuwa na kitu.

"Mama, nilifuta," alisema. "Ni mimi. Nilidhani ni uchafu."

Nilitaka Mama Syokau amtukane. Mimi ningemtukana. Badala yake alichukua penseli mezani kwangu akampa.

"Basi andika tena, mwanangu. Ni ploti ya tatu kutoka kwa posho mill ya kusaga unga. Mimi sidanganyi."

Mbaluka aliirudisha penseli mezani kwangu. "Siwezi, Mama. Wakiniuliza nani ameandika, nitasema ni mimi."

Nilimkasirikia sana, nusura niandike mwenyewe. Jumatatu alimsindikiza mahakamani, akaapa kwamba ploti zote zilikuwa na majina na kwamba yeye ndiye aliyeyafuta. Akaulizwa ya tatu ilikuwa ya nani. Hakuwa ameyasoma. Mama Syokau akashindwa.

Wiki mbili baadaye aliingia mwanamume mcheshi mwenye kofia, akataka ramani ya Kyandolo, kubwa kabisa, ya kutundika kwenye duka analojenga sokoni. Akaweka kidole kwenye ploti ya tatu kutuonyesha.

"Kazi safi sana, bro," akamwambia Mbaluka. "Haina hata doa."

Kumkataa kungemrudishia nani ploti? Mbaluka alimchapishia, kisha akatoka nje. Fremu niliipigilia mimi, huku nikilia kwa hasira.