Kitovu Chini ya Mkuyu

Juzi niliona msumeno wa mashine ukiangusha mkuyu kando ya barabara ya Nyakisasa. Harufu ya utomvu iliponifikia, nikajikuta nimejishika tumbo kama alasiri ile ya utotoni.

Kwetu Ntobeye kitovu cha mtoto kilizikwa chini ya mti. Changu kilikuwa chini ya mkuyu wa bibi, na majirani waliuita kwa jina langu. Nyumba zilipopangwa upya kuwa kijiji cha Ujamaa, mkuyu ukajikuta katikati ya barabara mpya. Balozi wa nyumba kumi akaja na vijana wenye mashoka.

"Shikamoo, mama. Leo tunauondoa huu."

"Marahaba," bibi alijibu. "Si muipinde hiyo barabara?"

"Barabara ya Ujamaa haipindi, mama," alisema, na vijana wakacheka.

Mimi niliamini kwamba mti ukianguka, nami nitakufa. Kila shoka lilipogonga nilijishika tumbo. Utomvu mweupe ulipochuruzika, niliuona kama damu yangu.

"Bibi, nitakufa sasa hivi?"

"Kama unakufa, kwanza maliza uji wako."

Mti ulilia, ukaanguka, vumbi likatufunika. Nilibaki hai, nikikohoa.

Chuoni nilijifunza kuhoji kila kitu, na leo najua kitovu kilichozikwa huoza tu kama nyama nyingine. Lakini bibi, aliyenifanyia mzaha, mbona mti ulipoanguka alinivuta akanikumbatia? Na mbona mkono wake ulibaki kifuani pangu, juu ya moyo, hadi jua likazama?