Mshale Uliokataa Kushuka

Sentensi ile sijaisahau, na kila nikiikumbuka shingo yangu hupata moto. Mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu alisafisha koo, akatazama huku na huku, akasema, "Sasa imebaki motokaa na mama watoto." Kwa pumzi moja. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kugawanywa, baiskeli imepata mwenyewe, na koti la mvua la marehemu lilikuwa limevaliwa tayari na mtu, ingawa jua lilikuwa kali. Tukabaki mimi na gari, tumeegeshwa pamoja.

Kwetu mtu akishazikwa, watu hurudi tena baada ya siku chache. Jamaa hunyolewa nywele, mali hugawanywa mbele ya wazee, na mjane hutajiwa mwanamume wa kumrithi. Hayo niliyajua tangu utotoni na sikuwa mgeni. Lakini nilikuwa mkunga, na nyumba yangu ilikuwa pale Kakamega mjini. Nilikuwa na watoto shuleni na leseni ya kuendesha gari niliyoipata mimi mwenyewe. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa, na kila baraza tuliambiwa sasa tuko huru. Halafu wazee wanaketi kwenye viti nilivyoazima mimi, wanakula ingokho, kuku wetu wa kienyeji, niliyopika mimi, wanauliza mimi na gari twende kwa nani.

Shemeji yangu mkubwa alikuwa amekwisha kujibu moyoni. Atakayechukua gari atanichukua na mimi, hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu, na yeye alikuwa na wake tayari. Alichotaka hasa kilikuwa gari. Mimi nilikuwa kama kamba iliyofungiwa mbuzi: ukinunua mbuzi, kamba unapewa.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani hata wakati ule, dogo, la kijivu, la Kiingereza. Tulilinunua mimi na mume wangu kwa afisa Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Nasema mimi na mume wangu, na ninarudia, kwa sababu siku ile hakuna aliyetaka kulisikia neno hilo. Yeye alilipenda kupita kiasi. Alinifundisha kuliendesha kwenye uwanja wa maonyesho, na tulipogombana kuhusu gia tuligombana kweli kweli, kisha tukarudi nyumbani tukicheka.

Lilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, tangi lilikuwa likigonga. Barabara ya Malava wakati huo ilikuwa mawe na mashimo, na kila shimo tangi liligonga huko nyuma, watu wakageuka kutazama. Mume wangu aliona haya kwa kelele zile kuliko vile angeona haya kwa suruali iliyopasuka. Ya pili ilianza ghafla: mshale wa geji ya mafuta ulipanda ukakaa kwenye alama ya kujaa, ukakataa kushuka. Tangi likijaa, mshale umejaa. Tangi likikauka, mshale umejaa. Ya kwanza ikapona karibu wakati ule ule ya pili ilipoanza, na mimi kwa ujinga wa furaha sikuuliza kelele zimekwenda wapi.

Jioni moja tulikaa kwenye gari kuitafuta kasoro ile. Kwanza aligonga kioo cha geji kwa kidole, kama kila mtu anavyogonga. Mshale haukusikia. Akafungua dashibodi, akasafisha nyaya, akarudisha. Hakuna kitu. Ndipo akaenda nyuma, akainua sakafu ya buti, akaukuta waya mmoja unaotoka kwenye tangi kuja kwenye geji. Akaniambia nikae mbele, niwashe ufunguo bila kuwasha injini, nitazame.

"Nimeutoa," alisema kutoka nyuma. "Unasemaje?"

"Umejaa."

"Sasa nimeugusisha kwenye bodi."

Mshale ukaanguka hadi chini kabisa. Nilipiga kelele kwa furaha.

"Basi geji ni nzima," akasema, "na waya ni mzima. Ukigusa bodi, mshale unashuka. Tatizo liko huku kwenye tangi." Aliahidi kulishusha tangi Jumamosi. Mpaka hapo, akakata ufito wa mpera, akaumenya, akautia alama kwa kisu: hapa robo, hapa nusu. Tukawa tunapima kwa ufito huo kila asubuhi. Jumamosi ilipofika alikuwa amelazwa, homa imepanda kichwani, na hakushusha tangi wala kitu kingine tena.

Katika matanga gari halikupumzika. Shemeji alichukua ufunguo siku ya mazishi, akisema gari ni la kubebea wazee, na kweli aliwabeba. Alibeba pia unga, mitungi, viti, na marafiki zake waliokuwa na kiu. Hakutia petroli hata tone. Kila nikimwambia alionyesha kidole kwenye dashibodi. "Tazama, mulamwa. Motokaa ya Mzungu hainywangi mafuta kama hizi zingine." Mulamwa ni shemeji kwa lugha yetu, na ni neno la heshima na utani. Kinywani mwake lilikuwa na harufu ya mtu anayejipimia nguo.

Asubuhi ya siku ya kunyolewa nilikwenda kwenye gari, nikatumbukiza ufito. Ulitoka mkavu, umelowa kidogo tu nchani. Nilipima tena kwa kuinamisha, hali ni ile ile.

Kwa hiyo mzee aliposema imebaki motokaa na mama watoto, niliinuka. Mjane hainuki siku ile. Niliinuka nikiwa na ufito mkononi, kichwa kimenyolewa, kina baridi.

"Wazee wangu, kabla hamjaigawa, mjue ile gari haina mafuta. Mshale wake unadanganya. Mume wangu alikuwa anaitengeneza akafa. Mimi nimepima leo asubuhi."

Waliutazama ufito. Kisha shemeji akacheka, na wengine wakapata ruhusa ya kucheka.

"Anapimanga petroli na kijiti, kama mtu anakoroga uji," alisema. "Mzungu aliweka mshale na kioo, huyu anatuletea kijiti. Wazee, mnaona? Hii ndiyo sababu motokaa inataka mwanamume."

"Shemeji, chukua upime mwenyewe."

Aliuchukua ufito. Nilidhani kwa dakika moja kwamba kweli atakwenda kupima. Akauvunja kwenye goti, vipande akavitupa kwenye majivu. Kazi ya mikono ya ndugu yake, aliyezikwa hatua chache kutoka pale. Wazee waliona. Yule wa kwanza akasema basi, imeamuliwa, motokaa na mama watoto viende kwa kaka mkubwa. Viende. Tulikuwa vitu.

Shemeji alitaka kuwaonyesha. Akawapakia wazee watatu nyuma, shangazi yake mume wangu akawekwa mbele kwa heshima, na akawasha. Gari likawaka, kwa bahati yake mbaya. Likapita mbele ya jikoni, likapita kando ya kaburi lenye udongo mbichi, likafika langoni. Hapo likakohoa, likatikisika, likazima.

Aliwasha tena. Akashuka akazungusha hendeli mpaka jasho likamtoka kwenye kichwa kilichonyolewa. Wakasukuma. Wakafungua boneti, wakatazama ndani wote kwa pamoja kana kwamba kuna mtu amejificha humo. Kila aliyechungulia dashibodi aliona kitu kimoja: mshale juu, tangi limejaa, na gari limekufa langoni kwa mwenyewe, nusu ndani ya boma na nusu nje.

Nilisema tena kutoka nilipokuwa. "Halina mafuta!" Nilisema kwa sauti ya kusikika hata ng'ambo ya mto. Hakuna aliyegeuka.

Shangazi alikuwa ameshuka. Alikuwa mwanamke mzee asiyependa maneno mengi, dada wa baba yake mume wangu, na katika ukoo ule akisema amesema. Alilitazama gari, akalitazama kaburi, akavuta leso yake mabegani.

"Mafuta iko, na imekataa," alisema. "Mwenyewe hajaiachiria. Mlitaka kuitoa kwake kwa nguvu."

Mtu mmoja aliyekuwa ameegemea mlango akauondoa mkono haraka. Wazee waliobaki ndani wakatoka mmoja mmoja, wakipangusa makalio. Shemeji alijaribu kucheka, kicheko kikakwama.

"Na mama watoto?" mzee akauliza.

"Wewe umesema vinaenda pamoja," shangazi akamjibu. "Kama moja imekataa, na nyingine imekataa."

Hivyo ndivyo nilivyoachiliwa. Wengine wangepiga vigelegele. Mimi nilikasirika kuliko nilivyokuwa nimekasirika siku nzima, na sijui kama hasira ile imewahi kuisha. Nilikuwa nimesema ukweli mara mbili, kwa mdomo wangu, nikiwa hai na nimesimama mbele yao. Nilileta ushahidi mkononi, wakauvunja. Lakini marehemu, ambaye hakusema lolote, walimsikia papo hapo. Hata baada ya kufa alikuwa na sauti kubwa kuliko yangu katika mambo yangu mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda mjini, nikarudi na petroli kwenye debe. Watu walikuwa bado wamejaa bomani. Nilimimina mbele yao wote, polepole, wasikie ile sauti ya mafuta ikianguka kwenye chuma kitupu. "Mnasikia?" niliwauliza. "Hii ni petroli. Jana hakukuwa na petroli." Nikawasha, gari likawaka mara moja. Nikawatazama nikingoja aibu iwapande.

Walikuwa wakitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akanong'ona kwamba si mnaona, kwake limekubali. Shangazi alinisogelea dirishani, akaushika mkono wangu uliokuwa kwenye usukani.

"Shangazi, ni mafuta tu," nikamwambia. "Hakuna mzimu."

"Enda nyumbani, mwanangu," akasema. "Usiongee tena. Ukiongea watakusikia."

Mpaka leo sina hakika yeye aliamini nini. Nilikwenda.

Jumamosi iliyofuata nililala chini ya gari mwenyewe, na spana zake, kumaliza alichoacha. Niliunganisha kipande cha waya kutoka kwenye tangi hadi kwenye bodi, nikaenda mbele nikawasha ufunguo. Mshale ukashuka, taratibu, ukatulia mahali pa kweli. Basi tangi lilikuwa haligusani na gari. Nikarudi chini na tochi, nikaona. Kwenye mikanda ya chuma iliyolishika tangi, na kila mahali lilipokutana na bodi, kulikuwa na vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vimekunjwa vizuri, vimekazwa kwa fundo lile lile alilofungia kuku kwenye keria. Alikuwa amelinyamazisha tangi kwa siri, asiambiwe anaona haya. Umeme ukakosa njia ya kurudi, na mshale ukabaki juu. Alitafuta kasoro kila mahali isipokuwa kwenye kazi ya mikono yake.

Nililia pale chini, na kwa hasira pia. Si ungeniambia, wewe mwanamume! Nilikuwa na kisu. Kukata mipira ile ni kazi ndogo kuliko kukata kitovu. Nikafikiria shemeji akichungulia siku moja na kuona mshale unashuka na kupanda kama wa gari lolote. Nikauondoa waya niliouunganisha. Mshale ukapanda, ukajaa. Nikakirudisha kisu jikoni, nikaenda kukata ufito mwingine wa mpera.

Niliendesha gari lile miaka mingi, nikipima kwa kijiti kila asubuhi. Shemeji alikuja mjini mara kwa mara kusalimia. Hakuwahi kukaa ndani yake. Angezunguka polepole, mikono nyuma, mwisho angekaribia kioo cha dereva, akainama bila kukigusa.

"Bado imejaa, mulamwa?"

"Bado imejaa, shemeji," ningemjibu, na angekunywa chai yake, akaondoka kwa miguu.